Usugu wa Vimelea Unakatwa Njiani

Mwishoni mwa mwaka 1977 mlipuko wa nne wa kipindupindu uliikumba Tanzania. Vimelea vya mwanzo vilivyopimwa maabara vilikuwa vikiuawa na tetrasaiklini bila taabu, kwa hiyo dawa hiyo ikagawiwa kwa wingi: kwa waliougua, na hata kwa wazima, ili wasiugue. Baada ya miezi mitano, vimelea 76 katika kila 100 vilivyopimwa vilikuwa havisikii tena tetrasaiklini. Fred Mhalu wa Dar es Salaam na wenzake waliieleza dunia habari hiyo katika jarida la tiba la Lancet mwaka 1979. Miezi mitano haifiki hata misimu miwili ya kabichi kule Mgeta, mkoani Morogoro, na ndani ya muda huo dawa iliyokuwa tegemeo la nchi nzima ilipoteza nguvu huku madaktari wakishuhudia.

Somo ambalo wengi wamelichukua kutokana na matukio ya aina hiyo ni kwamba dawa ikitumiwa ovyo huisha nguvu. Ni somo la kweli, lakini ni nusu yake tu. Nusu ya pili ni hii: usugu ukishazaliwa, kuacha dawa peke yake hakutoshi kuuondoa. Unaendelea kuishi kwa kupita kutoka utumbo mmoja hadi mwingine, kwa maji, kwa kinyesi, kwa maziwa, kwa mikono. Anayetaka kuupunguza hana budi kuzifunga njia hizo. Hiyo ndiyo hoja ya toleo hili. Tumechagua kuitazama kutokea Mgeta, kwenye miteremko ya magharibi ya milima ya Uluguru, kwa sababu huko njia hizo zote mtu anaweza kuzifuata kwa miguu katika asubuhi moja.

Kwanza tuondoe dhana moja iliyoenea. Mtu akimeza amoksilini asipate nafuu, husema, “Mwili wangu umeshaizoea hiyo dawa.” Mwili haukuzoea chochote. Walioizoea ni bakteria, na hata wao hawakuizoea kwa kuonja kidogo kidogo kama mtu anavyozoea pilipili. Bakteria mmoja wa E. coli akipata chakula na joto la kumtosha hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Katika muda usiofika saa saba anakuwa zaidi ya milioni moja. Kila anapogawanyika hunakili vinasaba vyake, na katika kunakili huko makosa machache hupenya. Makosa mengi hayana faida, mengine humuua mwenyewe. Lakini katika umati wa mamilioni kwa mamilioni, mara moja moja hutokea kosa linalomwezesha bakteria kuihimili dawa ambayo hajawahi kukutana nayo.

Kwamba kosa hutangulia dawa si jambo la kukisia. Salvador Luria na Max Delbrück walilionyesha kwa hesabu mwaka 1943, wakitumia virusi vinavyoua bakteria badala ya dawa. Mwaka 1952 Esther na Joshua Lederberg walilionyesha kwa kipande cha mahameli. Walikigandamiza kitambaa hicho juu ya sahani yenye makundi ya bakteria, kisha wakakigandamiza kwenye sahani nyingine yenye streptomaisini, kila kundi likaangukia pale pale lilipokuwa kwenye sahani ya kwanza. Yalipoota makundi machache kwenye sahani ya dawa, walirudi kwenye ile ya kwanza, ambayo haikuwahi kuguswa na dawa, wakachukua bakteria wa mahali palepale. Wakafuatisha uzao wao hivyo hivyo, wakawapata walio sugu. Sugu walikuwemo tangu awali. Dawa haiumbi usugu. Inawaua wengine wote na kuwaachia uwanja wale wachache. Kipimo kidogo kisichoua kinawapa nafasi hata wale wenye uhimili wa nusunusu, na Alexander Fleming aliionya dunia juu ya hatari hiyo Desemba 1945, siku alipotoa hotuba yake ya Tuzo ya Nobel kwa kugundua penisilini.

Namna za kuhimili ni chache na zinaeleweka. Bakteria mmoja hujenga pampu kwenye utando wake na kuitoa tetrasaiklini nje kadiri inavyoingia. Mwingine hutengeneza kimeng’enya kinachoipasua penisilini. Mwingine hubadilisha umbo la kiungo ambacho dawa hukishika, dawa ikakosa pa kushika. Silaha hizi ni za kale kuliko hospitali. Kimeng’enya cha kuvunja penisilini kilielezwa na Edward Abraham na Ernst Chain mwaka 1940, kabla wagonjwa wa Oxford hawajaanza kuchomwa penisilini mwaka 1941. Mwaka 2011 watafiti walitangaza kuwa wamekuta vinasaba vya usugu katika udongo ulioganda kwa miaka 30,000 huko Yukon, Kanada. Si ajabu, kwani antibiotiki nyingi tunazotumia zilitokana na viumbe wa udongoni. Streptomaisini yenyewe ilipatikana mwaka 1943 kutoka kwa bakteria wa udongo. Wenye kutengeneza sumu na wenye kuihimili wamekaa pamoja ardhini tangu kabla binadamu hajalima.

Hapa ndipo kipindupindu cha 1977 kinapotufundisha jambo la pili. Kama kila aina ya bakteria ingelazimika kusubiri kosa lake lenyewe, usugu wa dawa kadhaa kwa mpigo ungekuwa nadra sana. Lakini bakteria huazimana. Mbali na vinasaba vyake vikuu, bakteria anaweza kubeba vipete vidogo vya vinasaba viitwavyo plasmidi, akavinakili na kumpa jirani kwa kugusana naye, hata kama jirani huyo ni wa jamii nyingine. Wajapani waliling’amua hilo katika miaka ya 1950, walipokuta bakteria wa kuhara damu, Shigella, walio sugu kwa dawa nne kwa pamoja, na wakagundua kuwa usugu wote huo uliweza kuhamia kwa E. coli kwa mkupuo mmoja. Kati ya vimelea vya kipindupindu vya Tanzania vilivyoishinda tetrasaiklini, vingi vilikuwa vimezishinda dawa nyingine pia, hata zile ambazo hazikugawiwa kwa wingi katika mlipuko ule. Vilipokea furushi zima.

Sasa tufike kwenye swali linalotuhangaisha zaidi: kwa nini usugu hauondoki? Mantiki ya kawaida inasema kubeba pampu na vimeng’enya ni gharama. Dawa ikiondolewa, bakteria wasiobeba mzigo huo watakua haraka zaidi na kuwapiku wenye usugu. Kwa malaria, Malawi ilionyesha kuwa jambo hilo linawezekana. Iliacha kutumia klorokwini mwaka 1993, na baada ya miaka 12 hivi utafiti wa Blantyre ulikuta dawa hiyo inatibu tena karibu kila mtoto aliyepewa. Lakini kimelea cha malaria si bakteria, na hakina plasmidi za kuazimana.

Kwa bakteria, jaribio kubwa lilitokea Uingereza bila kupangwa. Katika miaka ya 1990 madaktari wa huko walipunguza mno kuandika dawa ya salfa iliyomo katika Septrin. Kati ya 1991 na 1999 matumizi yake yalishuka kwa asilimia 97. Walipopimwa E. coli wa wagonjwa wa London, usugu dhidi ya salfa haukushuka. Ulikuwa asilimia 40 hivi mwaka 1991, ukawa asilimia 46 mwaka 1999. Dawa ilikuwa karibu imeachwa, usugu ukabaki.

Sababu zake ni tatu, na msomaji anayeelewa sababu hizo ataelewa toleo hili zima. Ya kwanza, gharama hulipwa ikaisha. Mwaka 1988 Judith Bouma na Richard Lenski waliwakuza E. coli wenye plasmidi ya usugu kwa vizazi 500. Mwanzoni plasmidi iliwalemea bakteria hao. Mwishoni walikuwa wamebadilika kiasi kwamba walikua vizuri zaidi wakiwa nayo kuliko bila hiyo, hata pasipo dawa. Ya pili, vinasaba vya usugu hukaa bega kwa bega kwenye plasmidi moja. Ukiacha salfa ukaendelea na amoksilini, unaulinda usugu dhidi ya zote mbili. Hata madini yanaweza kulinda: mara nyingi vinasaba vya kuihimili shaba huandamana na vya kuihimili antibiotiki, na shaba ni dawa ya ukungu ambayo mkulima wa nyanya huipulizia kila wiki wakati wa mvua. Ya tatu, baadhi ya plasmidi hujilinda zenyewe. Humwachia bakteria sumu ya kudumu pamoja na kinga ya muda mfupi, kiasi kwamba kizazi kitakachoipoteza plasmidi hufa kwa sumu hiyo. Mkulima yeyote wa Mgeta aliyewahi kupambana na ndago anaujua ukaidi wa namna hii: ukikata majani, kiazi chake bado kipo chini.

Twende basi Mgeta. Kutoka Sangasanga barabara inapita Mzumbe, kisha inapanda kwa kona kali hadi Langali, Nyandira na Tchenzema, ambako baridi inaruhusu koliflawa, karoti, njegere, plamu na stroberi kustawi. Chukua kaya moja ya kawaida. Juu yake kuna chemchemi, na maji yake yanateremka kwa mfereji au kwa mpira hadi shambani. Kando ya nyumba kuna banda la mbuzi wa maziwa wa uzao wa wale walioletwa kutoka Norway katika miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA. Sakafu ya banda imeinuliwa, na mabanzi yake yameachiwa mapengo ili kinyesi kianguke chini na mnyama alale pakavu. Ni ufugaji mzuri, na maziwa hayo yamelisha watoto wengi.

Mbuzi akivimba kiwele, mwenye mbuzi anamwita mtaalamu wa mifugo. Mtaalamu akiwa mbali, ananunua kichupa cha oksitetrasaiklini na kumchoma mwenyewe, kipimo akikikisia kwa macho. Sehemu kubwa ya dawa hiyo hutoka mwilini ikiwa bado na nguvu, kwa mkojo na kwa kinyesi, na pamoja nayo hutoka bakteria walionusurika. Vyote vinaanguka chini ya mabanzi. Mama wa kaya hiyo anavizoa kwa karai na kuvipeleka kwenye matuta ya kabichi, mara nyingi samadi ikiwa bado mbichi kwa sababu miche imeshatoka kitaluni na haingoji. Mvua za Uluguru zinaosha tuta, maji yanaingia mfereji wa jirani wa chini, na jirani huyo anayatumia kumwagilia, kunywesha ng’ombe na kuoshea karoti. Kabichi ikiwa kwenye magunia inapanda lori la Fuso jioni. Alfajiri iko sokoni Dar es Salaam, na mchana ni kachumbari. Mto Mgeta nao unateremka kuungana na Ruvu, mto unaoitegemeza Dar es Salaam kwa maji.

Katika mnyororo huo wote dawa imeguswa mara moja tu, pale kwenye sindano. Hatua nyingine zote ni za kinyesi na maji. Ndiyo maana tunaona utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Nature Communications una uzito wa pekee kwetu. Watafiti walikusanya takwimu za kaya 425 za Wamaasai, Waarusha na Wachaga huko kaskazini mwa Tanzania, wakatenga bakteria zaidi ya 62,000 kutoka kwa watu, mifugo, mbwa, wanyamapori na vyanzo vya maji. Walikuta aina za usugu zikifanana kwa uwiano kila mahali, na E. coli wa watu hawakujitenga na wale wa wanyama. Kisha wakauliza ni nini kinachoiweka kaya katika uwezekano mkubwa wa kuwa na bakteria sugu. Matumizi ya antibiotiki kwa mifugo hayakuonekana kuuongeza uwezekano huo. Kilichohusiana nao kwa nguvu ni mambo ya maisha yanayowapitisha bakteria kutoka kiumbe kimoja hadi kingine.

Tuseme wazi, ili tusieleweke vibaya: hatusemi dawa zitumike ovyo. Bila dawa kuwachuja bakteria, wale wachache walio sugu wasingetawala, na tetrasaiklini ya 1978 inatosha kuwa ushahidi. Muuza dawa anapokata karatasi ya vidonge kwa mkasi kwa sababu mteja ana pesa ya vidonge vinne, au mtu anapofungua kapsuli na kuunyunyiza unga wake kwenye kidonda, hakuna anayefaidika ila bakteria. Maduka ya Dawa Muhimu, mpango ulioanza Ruvuma mwaka 2003 na kuenea mikoani, Morogoro ukiwamo, yameiweka kaunta mikononi mwa watu waliopata mafunzo, na yanastahili kuungwa mkono na kusimamiwa. Tunachokataa ni kuishia hapo. Kampeni ya kuelimisha inayomwambia mgonjwa “maliza dozi”, kisha ikamwacha achote maji chini ya banda la mbuzi, imemaliza nusu ya kazi na kumtwisha lawama ya nusu iliyobaki.

Na lawama hiyo haifai kumwangukia mwananchi, kwa sababu yeye ndiye anayeumia. Utafiti wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia watoto 1,828 waliolazwa. Kati ya waliothibitishwa kuwa na bakteria kwenye damu, mtoto mmoja katika kila watatu alifariki. Kwa bakteria wa kundi la Klebsiella, Salmonella na E. coli, vifo vilifika asilimia 43.5, zaidi ya mara mbili ya vifo vya watoto wenye malaria wodini humo. Usugu wa bakteria dhidi ya dawa waliyopewa ulikuwa dalili ya kifo. Bakteria hao ni wa utumboni. Kuna njia iliyowafikisha kwenye damu ya mtoto, na njia hiyo inaweza kufungwa kabla swali la dawa gani apewe halijaulizwa.

Tanzania ilikuwa na Mpango Kazi wa Taifa wa kupambana na usugu wa mwaka 2017 hadi 2022, na sasa una mwendelezo wake wa 2023 hadi 2028. Mipango hiyo inatambua kuwa afya ya watu, wanyama na mazingira haitenganishwi. Tunataka utambuzi huo uonekane kwenye bajeti za halmashauri. Zahanati inayozalisha akina mama bila maji ya bomba inasambaza usugu hata kama kabati lake la dawa limepangwa vizuri kiasi gani. Shule isiyo na vyoo vya kutosha inafanya vivyo hivyo. Chanjo za nimonia na za kuhara kunakotokana na rotavirusi, ambazo watoto wa Tanzania walianza kupata kwa mpango wa kawaida mwaka 2013, zinapunguza homa na kuhara, na pamoja nazo sababu za kukimbilia antibiotiki. Kwa hiyo nazo ni vita dhidi ya usugu.

Shambani hatua ni za bei ndogo kuliko watu wanavyodhani. Samadi ilundikwe, ifunikwe, igeuzwe na iachwe ipate joto kwa wiki kadhaa kabla haijaguswa na mche. Joto hilo huua bakteria wengi na kuidhoofisha tetrasaiklini. Halimalizi kila kitu, ila linapunguza sana kinachofika kwenye mfereji. Maziwa yachemshwe, na ya mnyama aliyechomwa sindano yamwagwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye kichupa zipite. Chemchemi izungushiwe uzio, banda lijengwe chini yake na si juu yake. Na kila kata yenye mbuzi wengi iwe na mtaalamu wa mifugo anayefikika, kwa sababu kipimo cha kukisia hutokana na mtaalamu aliyeko mbali.

Hatua hizi hazitafaulu kwa amri. Waluguru wana kumbukumbu ya jambo hilo. Mwaka 1955 wakulima wa mashariki ya milima hii waliinuka dhidi ya kazi ya lazima ya kuchimba matuta iliyoamriwa na serikali ya kikoloni, na mpango ule ukaporomoka, ingawa nia ya kuhifadhi udongo ilikuwa sahihi. Milima hiyo hiyo leo ina matuta mengi ya mboga, yaliyochimbwa na watu wenyewe walipoona faida yake. Anayekwenda Nyandira kuzungumzia samadi aanze kwa kuuliza ni lini mkulima anahitaji mbolea, nani anaibeba, na lundo litakaa wapi kwenye kiwanja chenye mteremko mkali.

Makala za toleo hili zimepangwa kwa kufuata njia hiyo hiyo. Za mwanzo zinaeleza kwa kina yanayotokea ndani ya bakteria. Zinazofuata zinamfuata mnyama, samadi na maji. Za mwisho zinakaa kaunta ya dawa na wodini. Tunaomba zisomwe kwa pamoja, kwa sababu daktari, bwana mifugo na mhandisi wa maji wamezoea kusoma kila mmoja majarida yake, wakati plasmidi inapita katika sekta zote tatu ndani ya wiki moja.

Dawa mpya zinatafutwa, na zitafutwe. Zikija, zitakutana na bakteria wenye mbinu za miaka elfu na elfu, na njia zile zile za kusafiria. Kwa hiyo ombi letu kwa madiwani, wabunge na wahisani watakaolisoma toleo hili ni moja. Mkikaa kupanga fedha za kupambana na usugu, mwiteni mezani pia anayesimamia maji na vyoo, na mpeni fungu lake katika fedha hizo hizo.